Siku ya Tatu Baada ya Dripu

Cala, 14 Februari 1999

Mdogo wangu Nozuko, MaTolo wa Kimberley, binti wa ukoo wetu,

Barua hii ikukute mzima, na ikikukuta umelala basi ikuamshe, maana usingizi wako naujua tangu utotoni. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Nofezile hajambo na anakusalimu. Mvua imenyesha mpaka vyura wamehamia jikoni, naye anawafukuza kwa ufagio huku akiwaomba radhi. Binti yetu Lindelwa, yule ambaye hukuja harusini kwake (sikumbushi, nataja tu), mtoto wake ameota meno mawili na anamuuma kila mtu isipokuwa mbuzi. Simu ya dukani kwa Sonwabile bado imekufa. Waya umeibwa tena, kwa hiyo nakuandikia kama watu wa zamani.

Sasa, kuna jambo dogo. Tangu Oktoba sijaenda na kundi kunyoa kondoo. Wenzangu wameshazunguka mashamba yote hadi Barkly na kurudi, mimi nipo nyumbani nawahesabu kuku. Shingoni kwangu kumeingia mgeni. Alianza na ukubwa wa njegere, akawa yai, sasa ana ndugu yake kwapani. Hospitali kubwa ya East London, kule pwani, walimkata kipande wakakitazama kwa mashine yao, wakampa jina refu ambalo sina haja ya kulirudia. Wananiwekea dripu ya dawa kali kila wiki tatu, mara nane. Tayari mbili. Nywele zote zimeondoka. Mimi niliyenyoa kondoo hamsini kwa siku kwa miaka ishirini na sita, nimenyolewa bila mkasi.

Usihangaike. Hatuhitaji chochote. Nilitaka tu ujue kwa nini picha nitakayokutumia ina kofia.

Kaka yako,
Zolile

Wifi, ni mimi Nofezile, naandika pembeni hapa akiwa ametoka kuwafunga mbuzi. Mgeni wake ni saratani ya matezi. Hatuhitaji chochote, eti. Tumeuza ng'ombe wote wawili kwa nauli ya East London, na jana ameniuliza kama cherehani yangu bado ina thamani. Wewe ndiye mwenye akili katika ukoo huu. Fanya kitu.


Kimberley, 1 Machi 1999

Kaka Zolile, Mchenge, Dlangamandla,

Nakuita kwa majina ya sifa ya ukoo wetu ili unisikilize vizuri. Nimepokea barua na nimeisoma pande zote, hata pembeni. Mimi sijambo. Huku joto limekuwa kali mpaka mhubiri wetu alifupisha mahubiri mwenyewe, jambo ambalo maombi ya miaka kumi hayakuweza. Nimestaafu kazi ya kufua hospitalini, kama ulivyosikia, na siku tatu kwa wiki nakaa katika ofisi ya ushauri nyuma ya kanisa, nawaandikia watu barua. Kwa hiyo umeangukia mikononi mwa fundi.

Nisikilize. Mtu mgonjwa asiyeweza kufanya kazi, serikali ina posho yake. Si sadaka, wala hakuna anayekuhurumia. Ni haki yako kama kura yako. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii mjini na kitambulisho, cheti cha ndoa na ile karatasi ya East London yenye jina refu. Watakuandikia fomu na kukupeleka kwa daktari wa serikali akupime. Watakupa kijikaratasi chenye muhuri na tarehe. Kijikaratasi hicho ukitunze kuliko mke, maana siku wakikubali watakulipa tangu tarehe ile, hata kama wamechelewa miezi. Tena mwulize muuguzi wa zahanati kuhusu gari la wagonjwa la kwenda East London. Lipo na ni bure. Ng'ombe wako wamekwenda kwa mnunuzi kwa sababu hukuuliza.

Cherehani isiuzwe. Na mchango wenu wa chama cha mazishi usikatike hata mwezi mmoja. Sisemi kwa ubaya. Ukikatika mara moja unaanza upya.

Usiniulize nimeyajuaje haya. Nenda.

Dada yako,
Nozuko


Cala, 2 Mei 1999

Mdogo wangu MaTolo,

Salamu kwako na kwa mhubiri wako aliyejifunza kunyamaza. Huku baridi imeanza na vyura wamerudi kwao. Mtoto wa Lindelwa ameota meno manne. Nofezile hajambo, ila haongei nami tangu Jumanne, na sababu utaiona hapo chini.

Nilikwenda. Gari la bure nimelipanda pia, na dereva ni mtu wa ukoo wetu, tumeimba njia nzima. Ofisini yule binti wa fomu alikuwa na adabu sana. Akaniuliza, "Baba, una mali gani?" Sasa Nozuko, mbele yangu kwenye foleni alikuwepo Mzukisi, yule wa mlimani aliyenishinda mashindano ya kunyoa mwaka sabini na tisa, na nyuma yangu wajane watatu wananisikiliza. Ningesema sina kitu? Nikasema nina kondoo arobaini. Binti akaandika. Kondoo thelathini na tisa kati ya hao ni wa Mzukisi mwenyewe. Mzukisi akanigeukia, macho yake yakanihesabia mmoja mmoja.

Kisha kwa daktari. Nilivaa suti ya harusi (ya Lindelwa, ile uliyoikosa), viatu nikavipaka rangi, kofia kichwani. Daktari ni mzee, ana haraka, foleni yake inafika barabarani. Akaniuliza, "Unajisikiaje?" Nikasema, "Vizuri, daktari, na wewe?" Maana mtu akikujulia hali unamjibu. Akaniuliza kama naweza kunyanyua kitu kizito. Nikamwambia mimi namgeuza kondoo dume kama unavyogeuza mto. Akanitazama kama haamini. Basi pale pembeni palikuwa na kabati la mafaili. Nikalikumbatia, nikalinyanyua, nikalisogeza hadi dirishani, nikamwuliza, "Hapa panakufaa?"

Akasema panafaa. Akaandika kwamba naweza kufanya kazi.

Nofezile anadai nikuambie kwamba nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi saa moja na nusu nikishindwa kusimama, na kwamba aliazima toroli la saruji kunifikisha kwenye gari. Ni kweli kidogo. Toroli lilikuwa safi.

Wiki iliyopita imekuja barua kwamba ombi limekataliwa. Sawa. Tumejaribu, tumemaliza. Ninayo suti na ninaonekana vizuri ndani yake, hiyo nayo ni mali.

Kaka yako,
Zolile


Kimberley, 14 Mei 1999

Kaka,

Salamu nitatoa mwisho, maana zikianza mbele zitageuka matusi.

Wewe ni mtu wa namna gani? Serikali inakuuliza kama unaumwa, unaihamishia samani. Katika ofisi yetu tumepata mtu aliyesahau jina lake, na mwingine aliyeleta kitambulisho cha marehemu kaka yake, lakini mtu aliyekwenda kuomba posho ya ugonjwa akarudi na sifa ya upagazi, hatujapata. Bi. Dikeledi, mkuu wetu pale ofisini, nilipomsomea barua yako alitoka nje kwenda kucheka karibu na choo ili wateja wasimwone.

Sasa tulia. Hatujamaliza. Una siku tisini za kukata rufaa, zinahesabiwa tangu barua ya kukataliwa. Kwanza utaapa kwa maandishi kwamba kondoo ni mmoja. Mwombe Mzukisi atie saini kwamba waliobaki ni wake. Najua utakufa kwa aibu. Ukifa kwa aibu chama cha mazishi kinalipa, kwa hiyo hakuna hasara.

Pili, na hili ndilo kubwa. Daktari akikuuliza hali yako, haulizi kama mtu mnayekutana njiani. Anauliza siku yako mbaya ikoje. Wewe ulimpa siku yako nzuri, tena ukaivalisha suti. Fomu haijui suti. Nataka ukae chini uandike siku yako mbaya, tangu kuamka hadi kulala, kila kitu unachoshindwa. Usiandike siku ya dripu yenyewe, siku hiyo bado una nguvu za sindano zao. Andika siku ya tatu, ile ambayo mdomo unaonja kama umelamba sarafu na hata harufu ya chai inakufukuza chumbani. Nitumie mimi kwanza, nitaipanga vizuri, tutaiambatanisha na rufaa.

Haya, salamu sasa. Hamjambo wote? Mimi sijambo. Mpe pole wifi yangu, na mwambie toroli arudishe.

Nozuko


Cala, 27 Juni 1999

MaTolo,

Umenisubiri wiki sita, najua. Karatasi hii nimeianza mara nne. Mara ya kwanza niliandika, "Naamka vizuri, najikongoja kidogo, kazi naifanya polepole." Nofezile akaisoma, akaitia jikoni kuwashia moto. Mara ya pili akafanya hivyo hivyo. Mara ya tatu akasema kuni zimetosha, sasa andika ukweli.

Haya.

Siku ya tatu siamki. Naamshwa. Nofezile ananiinua kwa kunishika chini ya mikono, upande usio na mgeni, na tunakaa kitandani tukipumua wote wawili kama ng'ombe waliopanda mlima. Vifungo vya shati sivifungi. Vidole vimekufa ganzi. Nikishika kifungo sijui kama nimeshika kifungo au hewa. Vidole hivi, Nozuko, vilivyokuwa vinapita kwenye ngozi ya kondoo bila kuikwaruza. Uji nameza vijiko vitatu, cha nne kinarudi na wenzake. Chooni natembea kwa kushika ukuta, napumzika mara mbili njiani, na choo chetu unakijua kilipo, hata mtoto anakifikia kwa kuruka.

Mchana natoka, naenda nyuma ya zizi, nawaambia watu nakagua ua. Sikagui ua. Nakaa pale chini ili majirani wasinione nimekaa. Juzi Mzukisi alikuja kutia saini ile karatasi ya kondoo, akanikuta. Hakucheka. Alikaa na yeye chini, akaanza kukagua ua pamoja nami, tukakagua kama saa nzima hivi bila kugusa hata fito. Alipoondoka akasema, "Huo ua wako ni mzuri sana, Dlangamandla." Nilikaribia kulia, nikamfukuza.

Jioni Nofezile ananiosha. Hilo usiliandike kwenye rufaa. Au liandike. Mimi sijui tena.

Basi, hiyo ndiyo siku. Nimeona ajabu moja tu. Baada ya kuiandika nililala vizuri.

Lakini sasa swali. Mimi sikukuambia habari ya siku ya tatu. Sikumwambia mtu. Hata muuguzi wa hapa alidhani ya pili ndiyo mbaya. Wala ladha ya sarafu mdomoni sikuitaja. Umeijuaje?

Zolile


Kimberley, 10 Julai 1999

Kaka yangu Mchenge,

Hamjambo? Hapa baridi imebana mpaka bomba la uani limeganda, tunachota maji kwa Bi. Dikeledi, ambaye anatuuzia kwa umbea, ndoo moja habari moja.

Barua yako nimeisoma. Sikuipanga. Nimeiacha ilivyo, nimeondoa tu habari ya kuni, na ile ya Mzukisi kwenye ua nimekuachia mwenyewe. Ya kuoshwa nimeiandika. Bi. Dikeledi ameongeza ukurasa mmoja wa sheria na mihuri miwili, imekwenda Jumatano kwa posta ya rejista, stakabadhi ninayo. Siku tisini hazijaisha, tumewahi kwa wiki mbili. Watakuita kwa daktari mwingine. Ukiitwa uende bila suti, na Nofezile awe karibu.

Kuhusu swali lako, ofisini watu husimulia mengi, na mimi nina masikio. Zaidi ya hapo hakuna cha kusema.

Mtoto ameota meno mangapi sasa?

Nozuko


Cala, 25 Julai 1999

Nozuko,

Meno sita. Sote wazima.

Wameniita kwa daktari tarehe ishirini na tano Agosti. Siendi.

Siendi mpaka unijibu. Wewe unataka nimvulie mtu nisiyemjua shati na siri zangu zote, na mimi nimeandika mpaka habari ya kuoshwa, nawe unanijibu kwa masikio ya ofisini. Nina kichwa kigumu kukushinda, mama alisema hivyo mbele ya mashahidi. Nitakaa hapa nyuma ya zizi na posho yao itapita bila mimi.

Kaka yako mkubwa,
Zolile

Wifi, safari hii hajatoka nje. Ameniona nikiandika na ameniruhusu. Na mimi pia nataka kujua.


Kimberley, 8 Agosti 1999

Kaka, na wewe wifi, someni pamoja, mkae.

Harusi ya Lindelwa ilikuwa Jumamosi, Novemba mwaka tisini na sita. Nilituma blanketi na barua kwamba miguu imevimba. Miguu ilikuwa mizima. Nilikuwa hospitalini, si ile ya kazini kwangu, wodi ya wanawake, kitanda karibu na dirisha. Walikuwa wameniondoa titi la kushoto Jumatatu ya wiki ile ile. Dripu zilifuata baadaye, sita, na ndiyo maana naijua siku ya tatu kama ninavyoijua njia ya kisimani.

Gauni la harusi nilikuwa nimeshashona, lile la manjano la kola nyeupe. Sikuvumilia likae sandukuni. Nilimwomba shemasi wetu aniletee, nikalivaa juu ya nguo ya hospitali, nikakaa kitandani kama bibi harusi aliyekosea ukumbi. Mama mmoja wa kitanda cha pili akaniuliza, "Shangazi, tunaenda wapi?" Nikamwambia leo kwetu kuna harusi na mimi ndiye shangazi wa bibi harusi, lakini usafiri umenikwamisha. Basi akaanza kuimba, kwa Kitswana chake, mimi nikaitikia kwa Kixhosa. Mwingine akashuka kitandani na mlingoti wake wa dripu, akaanza kucheza nao kama mume. Kufumba na kufumbua wodi nzima iko katikati, milingoti inagongana, bibi wa miaka themanini anapiga vigelegele bila meno. Muuguzi mkuu akaingia, akasimama mlangoni, akasema, "Ninyi ni wagonjwa." Yule bibi akamjibu, "Ndiyo, mwanangu, lakini leo tumealikwa." Muuguzi akafunga mlango, akiwa upande wa ndani. Alicheza kuliko sisi sote. Kwa hiyo usiseme tena kwamba sikucheza kwenye harusi ya Lindelwa. Nilicheza mpaka mshono ukanikemea.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu wewe na mimi tumenyonya maziwa mamoja. Kazini nilisema nina likizo. Likizo ikaisha, kazi nayo ikaisha, kustaafu ni jina nililoipa baadaye. Miezi saba niliishi kwa chai na mkate, na kila aliyepita mlangoni nilimwambia sina shida. Bi. Dikeledi alifika kwangu kwa kukosea nyumba, alikuwa anamtafuta mjane wa jirani. Akaniuliza, "Na wewe mama, nikuandikie nini?" Nikasema, "Mimi sina shida." Aliingia jikoni bila kukaribishwa, akafunua sufuria, akaifunika, akatoa kalamu. Yote niliyokuandikia ni maneno yake. Daktari wangu wa kwanza nilimwambia nafua mashuka mia kwa siku. Sikunyanyua kabati, lakini ni kwa sababu tu halikuwepo.

Sasa nimepona, wanasema. Kila Novemba naenda kupimwa, mwaka huu ni tarehe kumi na nane. Nakaa kwenye benchi peke yangu kuanzia asubuhi, nafuma soksi. Nimeshafuma jozi nyingi kuliko miguu ninayoifahamu. Sijawahi kumwambia mtu kwamba benchi hilo linaniogopesha kuliko kisu.

Umejibiwa. Sasa nenda kwa daktari, Mchenge. Tafadhali.

Nozuko


Cala, 17 Oktoba 1999

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Hujambo kweli? Nauliza kama daktari, siyo kama mtu wa njiani.

Barua yako ilitukalisha siku mbili. Nofezile alilia, kisha akacheka habari ya milingoti, kisha akalia kwa sababu amecheka. Mimi nilikwenda nyuma ya zizi. Miaka mitatu nimekudhihaki kwa harusi ile kila barua, na wewe unajibu salamu na kuuliza meno. Sina neno la kukuambia. Nimelitafuta na sijalipata, kwa hiyo nakupa habari.

Nilikwenda. Bila suti. Nofezile alinivalisha sweta lililotoboka kiwiko, nikajiona kama kinyago cha kufukuza ndege. Daktari safari hii ni dada mdogo, sura ya mwanafunzi, ametulia. Rufaa yako ilikuwa mezani, nikauona mwandiko wangu. Akaniuliza, "Baba, siku mbaya ikoje?" Yale yale maneno yako. Nikatazama kabati, nalo lilikuwepo, wala sikulisogelea. Nikasema, "Siwezi kufunga vifungo."

Akaniletea shati lililokuwa limetundikwa pale, akasema nijaribu, bila haraka. Nozuko, nilijaribu. Nofezile akainuka anisaidie, daktari akamzuia kwa mkono. Nilifunga vinne. Nilipomaliza nikatazama chini, kola imefika sikioni na pindo moja liko magotini. Nilikuwa nimeanza na kifungo cha tatu. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na katikati ya kucheka yakageuka yale mengine, na sikuyafuta. Daktari akaandika. Akasema, "Nakupa mwaka mmoja, baba, halafu tutatazama tena." Nikamwuliza kama hataki nimsogezee kitu. Akasema alisikia habari zangu.

Wamekubali. Malipo ya kwanza yamekuja na malimbikizo yote tangu ile tarehe ya muhuri, kijikaratasi nilikitunza ndani ya Biblia, Nofezile anasema ni mara ya kwanza nimeifungua mwaka huu. Siku ya malipo ukumbini wale bibi wa pensheni walinitania, wananiita kijana mchanga, wakaniuliza kama nimekuja kutafuta mchumba. Nikawaambia nichagueni, mmoja akanipima mabega akasema arudishwe, huyu bado hajaiva. Nimenunua chai, sukari, mafuta, na kofia ya Nofezile yenye ua kubwa ambalo nyuki wawili wameshadanganyika nalo.

Dripu nane zimekwisha. East London wanasema ndugu wa kwapani ameondoka, na mgeni wa shingoni amebaki kama punje ya maharage. Jina lake ni saratani, nimeamua kulisema. Nimelisema kwa Mzukisi pia. Naye akaniambia ana kikohozi cha miezi mitano. Nimempeleka zahanati mwenyewe.

Jingine sina. Kuna jambo nalipanga, lakini halikuhusu.

Kaka yako,
Zolile


Cala, 1 Novemba 1999

Wifi yangu mpendwa,

Ni mimi Nofezile, na leo siandiki pembeni, nina karatasi nzima. Kaka yako hajui. Ametoka na mtoto wa Lindelwa kumtembeza, au mtoto ndiye anayemtembeza, maana wote wawili wanatembea kwa kushika ukuta.

Salamu zako ni nyingi. Tu wazima, wazima wa kweli. Amekula kande bakuli mbili jana akaomba ya tatu, nikamnyima kwa furaha.

Sasa siri. Kwenye malimbikizo alitoa fungu moja akalificha ndani ya kiatu, mimi nikadhani ni la mazishi. Kumbe alikwenda mjini na kurudi na tikiti mbili za basi la kutoka Queenstown. Tunakuja Kimberley, wifi. Tunafika Jumatano jioni, tarehe kumi na saba, na kesho yake asubuhi anataka kukaa kwenye lile benchi lako. Alisema, "Mara ile alikwenda peke yake kwa sababu hatukuulizwa. Mara hii hatungoji kuulizwa." Mimi nimechukua uzi wangu wa kufuma. Tutakuwa watatu, na kama benchi ni fupi yeye atakaa chini, ana mazoezi.

Ameniapisha nisikuambie. Anataka kukushtua. Lakini mimi nimefikiri, mtu anayengoja majibu kesho yake hashtuliwi mlangoni jioni, moyo ni mmoja. Tena ulinifundisha mwenyewe kwamba ukweli upelekwe mapema, ukiwa na tarehe.

Basi nakuomba jambo moja. Kila siku baada ya chai anajifunza kubisha hodi kwenye mlango wetu wa jikoni. Anakohoa kwanza, anabadilisha sauti, anasema yeye ni mtu wa ofisi ya ustawi amekuja kukagua kondoo wa mama Nozuko. Kisha anacheka kabla hajamaliza, anaanza upya. Mimi niko ndani nakoroga sufuria, naitika kwa sauti yako.

Jumatano ukisikia hodi hiyo, usikimbilie kufungua. Mwache aseme maneno yote hadi mwisho, ameyahangaikia. Halafu ufungue, wifi, na ushtuke vizuri.

Nofezile